Debe Jepesi la Bi Somoe

Wanangu, nimefundisha kemia katika shule za sekondari za mwambao huu wa Kilwa na Lindi mpaka nikastaafu, na jambo la kwanza ninalotaka mlijue ni kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Sijisifu. Chuoni nilikosoma dini nikiwa mdogo, maalimu wangu alituambia mara nyingi kwamba dhana mbaya ni dhambi, na tabia hii nimemlilia Mola wangu zaidi ya mara moja aniondolee. Lakini kemia nayo inamtaka mtu asiyeamini haraka. Ukimwamini kila anayekuletea unga mweupe akisema ni sukari, siku moja utakoroga chai kwa kitu cha kukuchoma utumbo. Basi nimeishi hivyo: msikitini naamini nisivyoviona bila taabu yoyote, maabarani siamini hata ninachokiona.

Nataka niwaeleze jinsi tabia hii ilivyotaka kuniingiza katika dhuluma, na jinsi uzito wa atomi ulivyoingia katika ugomvi wa akina mama wa chumvi. Ila kwanza ni lazima nikiri kwamba nilipoajiriwa kufundisha uzito wa atomi, mimi mwenyewe nilikuwa siujui. Niliujua kwa kukariri tu.

Maabara niliyoikuta ilikuwa na chati moja ya elementi, imebandikwa karibu na dirisha, jua limekula rangi yake. Kila elementi ina namba mbili: ya kwanza ni idadi ya protoni zilizomo katika kiini cha atomi, ya pili ni uzito. Nikaikagua kwa jicho langu lile lile. Namba zinapanda, uzito nao unapanda, kila kitu sawa, mpaka nikafika kwenye agoni na potasiamu. Agoni, ya kumi na nane, uzito wake arobaini. Potasiamu, ya kumi na tisa, uzito thelathini na tisa. Mkubwa kwa namba, mdogo kwa uzito! Nikasema, ahaa, mchapishaji alisinzia. Nikachukua kalamu nyekundu, nikabadilisha uzito wa hii na wa ile, nikawaamuru wanafunzi wasahihishe madaftari yao. Darasa zima likanitazama kama shujaa.

Mtunza maabara wetu alikuwa Mzee Kosmas, Mmakonde wa uwandani, kule nyanda za juu, Mkristo aliyeishika dini yake, ambaye alikuwa akiosha chupa na mirija ya maabara ile kabla mimi sijajua kusoma saa. Cheti cha kutajika hakuwa nacho. Alingoja wanafunzi watoke, akasogea ukutani, akaitazama kazi yangu.

“Mwalimu Salumu, hii chati umeiuliza, au umeihukumu?”

“Imekosea, mzee.”

“Miaka yote hii imekosea, ikakungoja wewe?”

Akavuta stuli, akanieleza kama anavyoelezwa mtoto, tena kwa upole. Kinachoipa atomi jina lake ni protoni. Ukiwa na protoni kumi na nane, wewe ni agoni, hakuna mjadala. Lakini ndani ya kiini kuna nyutroni pia, na hizo zinaongeza uzito bila kubadili jina. Kwa hiyo atomi mbili zinaweza kuwa elementi moja, tabia zao za kikemia zilezile, ila moja imebeba nyutroni nyingi kuliko mwenzake. Hizo ndizo isotopu. Agoni ya hewa hii tunayovuta, karibu yote ni ya ile isotopu nzito. Potasiamu yetu, sehemu kubwa ni ya ile nyepesi. Ndiyo maana mdogo kwa namba akamzidi mkubwa kwa uzito. Chati hupangwa kwa protoni, haipangwi kwa mizani.

Tuliufuta ule wino kwa spiriti. Doa halikutoka. Kila mwaka wanafunzi wapya waliniuliza ile damu ya nini.

Mnaweza kudhani nilijifunza. Muhula uliofuata nikawaambia darasa la kidato cha tatu kwamba kila atomi ya klorini ina uzito wa thelathini na tano na nusu. Mzee Kosmas alikuwa nyuma anapanga bika za kioo. Safari hii hakungoja sana. Wanafunzi walipokwenda kunywa uji akatoa korosho nne mfukoni, akaziandika kwa chaki juu ya maganda: tatu akaziandika thelathini na tano kila moja, ya nne, iliyokuwa kubwa kidogo, thelathini na saba.

“Jumlisha, gawa kwa nne.”

Nikajumlisha. Mia moja arobaini na mbili. Nikagawa. Thelathini na tano na nusu.

“Sasa nipe korosho yenye thelathini na tano na nusu.”

Wallahi nilizitazama zile korosho kana kwamba moja ingejitokeza.

“Haipo, mzee.”

“Haipo. Nyutroni haina nusu, protoni haina nusu. Ile namba ya kwenye chati ni ya kapu zima. Wewe unawaambia watoto ni ya korosho moja.”

Korosho tulizikaanga, tukala. Tangu siku hiyo nimefundisha isotopu kwa korosho, na kidato baada ya kidato wamefaulu, alhamdulillahi. Katika kila atomi nne za klorini, tatu hivi ni nyepesi na moja ni nzito, nayo namba ya chati ni wastani wa mchanganyo huo. Na msidhani uzito huo ni gramu. Atomi haiwekwi kwenye mizani ya dukani. Hulinganishwa tu na atomi ya kaboni iliyokubaliwa kuwa kipimo, kama sisi tunavyolinganisha pishi zetu za nyumbani na ile pishi ya msikitini kabla ya kutoa zaka ya fitri, ili asitokee mtu na pishi yake ya ujanja.

Ujuzi wangu wote juu ya jambo hili ndio huo. Nilidhani ni ujuzi wa kujibia mitihani tu, mpaka mwaka wangu wa mwisho kazini.

Katika kijiji kimoja cha pwani, njia ya kwenda Pande, kulikuwa na kikundi cha akina mama wanaovuna chumvi. Kila mmoja alikuwa na jaruba lake: kipande cha ardhi kilichozungushiwa kingo za udongo, maji ya bahari yanaingizwa humo, jua linakausha, chumvi inatua chini, mwenyewe anaikokota kwa reki ya mti, anajaza debe, anakwenda kumimina katika banda la pamoja. Walipima kwa debe miaka yote na hawakugombana. Kisha akaja mnunuzi mpya kutoka mjini na mizani ya kuning'iniza. Akapima debe la kila mama. Kilo ishirini, ishirini na moja, ishirini. Akafika kwenye debe la Bi Somoe: kumi na tano. Likajazwa tena mbele ya macho yake, likapimwa. Kumi na tano.

Mnunuzi akafunga mizani yake. Akasema hachukui gunia hata moja la banda lile mpaka wamwambie kuna nini ndani ya chumvi ya yule mama.

Bi Somoe alikuwa mjane, mtu wa maneno machache, na binti yake wa mwisho, Mwanahawa, alikuwa mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Katika siku mbili nilisikia mengi. Wengine walisema anachanganya unga wa muhogo. Wengine chokaa. Wengine wakakumbuka kwamba ni kweli, siku hizi Somoe hafanyi kazi na wenzake, anakwenda jarubani peke yake alasiri wengine wakiwa wamerudi. Sasa mtu mwema akafanye nini peke yake alasiri? Majirani wakaacha kuomba chumvi kwake. Akipita karibu na jiko la mwenzake, mwenyewe anafunika chungu. Na kikundi kilikuwa na uamuzi tayari: akithibitika amechanganya, anatoka, na jaruba lake anapewa mwingine. Jaruba lile ndilo lililokuwa likimsomesha Mwanahawa.

Mimi nilisema nini? Nilisema moyoni: kilo tano hazipotei hivi hivi. Huyu mama ana jambo.

Alhamisi Mwanahawa akaniamkia nje ya ofisi. “Shikamoo, mwalimu. Leo kuna kikao juu ya mama yangu bandani. Njoo tu usikie.”

Nilikwenda. Akina mama wamekaa juu ya magunia, mwenyekiti wa kijiji kwenye kiti, na mwenyekiti wa kikundi, Bi Hadija, amesimama katikati na khanga kaifunga kiunoni. Huyu Bi Hadija ni mchapakazi kwelikweli, hakuna anayemfikia kwa reki, lakini ulimi wake Mungu amsamehe.

“Somoe, tunakuuliza kwa wema. Umetia nini?”

“Sikutia kitu.”

“Basi chumvi yako ina mabawa!”

Wakacheka. Mmoja nyuma akasema, “Ifungwe kamba isiruke.” Bi Somoe aliinamisha macho. Hakutukana, hakulia, na mimi nikauandika utulivu wake katika orodha ya mambo ya kushuku.

Ndipo Mwanahawa akasimama. Akaomba radhi kwa wakubwa, kisha akaanza, na niseme kweli, sijawahi kumsikia mwanafunzi akieleza vizuri vile. Akawaambia chumvi ni sodiamu na klorini. Akawaambia klorini ni za aina mbili, nyepesi na nzito. Akaomba korosho, akapewa, akaziandika kwa kaa. Akasema majaruba hayafanani, maji hayafanani, na jaruba la mama yake limepata klorini nyepesi nyingi kuliko ya wenzake, basi debe lake limekuwa jepesi bila mtu kutia kitu chochote. Hata Bi Hadija alizishika zile korosho, akazigeuza.

Mwenyekiti wa kijiji akanigeukia. Uso wake ulikuwa umekunjuka, kama mtu aliyepata mlango wa kutokea. “Mwalimu, mtoto amesema kitaalamu. Wewe ndiye mjuzi wetu. Ni kweli? Ukisema ndiyo, yamekwisha, watu waende wakapike.”

Wanangu, neno lilikuwa moja tu. Ndiyo. Mama angebaki na jaruba lake, binti angebaki shuleni, na hapakuwa na mtu hata mmoja pale wa kunipinga. Lakini nilikuwa nimeshapiga hesabu kichwani. Chumvi yenye klorini nyepesi tupu ina uzito wa hamsini na nane, yenye nzito tupu ni sitini. Tofauti ni mbili katika sitini. Hata tungempa Bi Somoe klorini nyepesi yote ya dunia, debe la kilo ishirini lisingepungua hata kilo moja kamili. Lake limepungua tano. Tena bahari ni moja, imekwisha kukorogeka. Mchanganyo wa klorini wa jaruba hili na lile ni uleule. Aliyesimama kutoa ushahidi akajua ni uongo, huko anakokwenda ataulizwa.

“Si kweli,” nikasema.

Mwanahawa hakuniangalia. Alikusanya korosho zake moja moja.

“Basi katia!” Bi Hadija akadakia. “Mwalimu kasema!”

“Sijasema katia. Nimesema sababu si hiyo.”

“Basi ni ipi?”

“Sijui.”

Hilo ndilo neno gumu kuliko yote kwa mwalimu. Wengine wakaguna. Mwenyekiti wa kijiji akatoa siku: Jumamosi asubuhi, kikao cha mwisho. Nikaomba nipewe kibaba cha chumvi ya Bi Somoe na kibaba cha chumvi ya Bi Hadija. Nikapewa.

Ijumaa nilipotoka msikitini sikwenda kula. Nilifungua maabara. Sikilizeni namna ya kufanya, huenda ikawafaa. Ukishuku chokaa au vumbi la mawe ya pwani katika chumvi, kamulia ndimu: ikitoa povu, lipo. Nilikamua, haikutoa povu. Ukishuku unga, dondoshea ayodini ya vidonda: unga hugeuka buluu kama wino. Nilidondosha, haikugeuka. Ukishuku mchanga, iyeyushe katika glasi ya maji safi, utaona chini. Niliyeyusha, maji yakawa meupe kama ya mvua. Chumvi ile ilikuwa safi kuliko ya dukani.

Mtu mwadilifu angesimama hapo. Mimi nilitoka nikaenda bandani, nikalichukua debe la Bi Somoe. Nikaligonga kitako nikisikiliza kama lina kitako cha pili. Nikalipima kina kwa uzi, ndani na nje. Nikatia mkono nikapapasa pembe zake. Mtu mzima, mvi kichwani, nimetoka kuswali saa ile ile. Debe lilikuwa debe.

Nikampigia simu Mzee Kosmas. Alikuwa amestaafu zamani, yuko kwake uwandani na mikorosho yake. Nikamweleza yote.

“Mwalimu, umepima chumvi. Umepima debe. Umempima na mama wa watu. Umekwenda kumwona anavyovuna?”

“Hapana.”

“Unaanza tena na kalamu nyekundu,” akasema, akanitakia mchana mwema.

Alasiri ile ile nikashuka majarubani. Hapakuwa na mtu ila yeye. Bi Somoe alikuwa amesimama wima katika maji ya kifundoni, na mkononi ana kung'uto, chujio lililosukwa kwa ukindu, lililofungwa kwenye mpini mrefu. Juu ya maji, pale upepo ulipotulia, kulikuwa na utando mweupe unaoelea, mwembamba kama wa maziwa. Alikuwa anauengua. Polepole, bila kuinama, anapitisha kung'uto chini ya utando, ananyanyua, anaacha maji yachuruzike, anamwaga kwenye debe. Vilianguka vipande vipana, vyembamba, vimelaliana ovyo na hewa kibao katikati yake.

Nikaelewa papo hapo. Wenzake wanakokota chumvi iliyotua chini, punje nene, nzito, zenye unyevu, zinazojipanga debeni bila kuacha nafasi. Yeye anachukua inayoelea. Atomi ni zile zile. Katika debe la Bi Somoe zile kilo tano zilizokosekana zilikuwa ni upepo tu.

Akaniona. “Shikamoo, mwalimu. Umekuja kupeleleza?”

“Marahaba. Nimekuja kujifunza.”

“Mchana nilikuona unaligonga debe langu. Nikasema labda mwalimu anataka kulinunua.”

Aibu iliyonipata sina haja ya kuieleza. Nikamwomba radhi, nikakiri kwamba nami nilimshuku kama wengine. Yeye akaendelea kuengua. Nikamuuliza kwa nini basi asiwaambie wenzake kwamba anaengua.

“Mgongo,” alisema. “Mvua za mwaka jana niliteleza kingoni na debe kichwani. Tangu hapo haukunjiki. Reki siiwezi. Na katiba ya kikundi ameiandika Hadija kwa mkono wake: asiyeweza kukokota reki anarudisha jaruba.” Akakung'uta kung'uto lake. “Ukiwaambia naengua, watajua siwezi. Ukinyamaza, watasema mwizi. Chagua, mwalimu.”

“Si yangu kuchagua, Bi Somoe. Mimi nitawaonyesha kwamba chumvi yako ni safi. Hilo lingine ni lako.”

“Na huyu mtoto ulimwaibisha mbele za watu.”

“Nilimzuia asije akaaibika zaidi.”

“Mweleze yeye,” akasema, akaniacha na majibu yangu.

Jumamosi banda lilijaa. Niliomba kinu na mchi, glasi mbili, na kikombe kimoja cha chai; mizani ya maabara nilikuja nayo. Tulikuwa tumeianika chumvi ya wote wawili juani tangu jua kuchomoza. Nikawapa akina mama wenyewe watwange, maana ningetwanga mimi wangesema nimetia kitu. Wakatwanga ya Bi Somoe mpaka ikawa unga, wakatwanga ya Bi Hadija, wakajaza kikombe kile kile kwa zamu, kikapimwa. Safari hii mizani haikuona tofauti ya kusemea. Ile chumvi yenye mabawa ilikuwa nzito kama ya watu wengine.

“Hebu rudia,” akasema Bi Hadija. Nikafurahi, sitaficha. Mtu akikuambia rudia, ameanza kufikiri. Tukarudia mara tatu, ya tatu alijaza kikombe mwenyewe.

Kisha nikaomba waziyeyushe katika glasi. Glasi ya Bi Somoe ikawa angavu, unaona vidole upande wa pili. Glasi ya Bi Hadija ikatulia taratibu, na chini ukakaa udongo mweusi, unene wa ukucha.

Hapo nilisikia kitu ambacho kiliniogopesha kuliko Alhamisi. Minong'ono ilihama. Wale wale waliokuwa wanafunika vyungu Bi Somoe akipita, sasa macho yao yalikuwa kwa Bi Hadija. “Kumbe!” “Udongo ndio unaotupimia!” “Ndiyo maana debe lake halipungui hata siku moja!” Bi Hadija alisimama na khanga yake kiunoni, akilikaza fundo lake.

“Ngojeni,” nikasema. “Reki ikizama sana inakwangua chini. Huo ni udongo wa jaruba, upo kwa kila anayekokota, pimeni na za kwenu. Mizani inajua uzito, haijui nia ya mtu.”

Minong'ono ikapungua, lakini hawakuniamini sana, nami siwalaumu. Mwenyekiti wa kijiji akauliza lililobaki: “Sasa kama ni chumvi ile ile, mbona ikiwa haijatwangwa ya Somoe ni nyepesi?”

Nilitazama mikono yangu. Mwanahawa, aliyekuwa mlangoni, alifungua mdomo, na mama yake akamnyooshea kiganja.

“Kwa sababu siivuni chini,” alisema Bi Somoe. “Naiengua juu. Mgongo wangu umeharibika, reki siiwezi tangu mwaka jana. Niliwaficha. Hilo ndilo kosa langu, na katiba naijua.”

Akanyanyua lile kung'uto, akaliweka juu ya magunia mbele ya Bi Hadija, kama mtu anayerudisha ufunguo.

Mama mmoja akasema taratibu, “Katiba ni katiba, lakini.” Hakumaliza. Wote walikuwa wanamtazama aliyeiandika. Bi Hadija aliinamia ile glasi yake yenye udongo, akaitikisa, udongo ukapanda, akaiweka. Akalichukua kung'uto. Akalipima uzito wake kwa mkono, akapitisha kidole kwenye ukindu.

“Umesuka mwenyewe?”

“Mwenyewe.”

“Na unaengua saa ngapi?”

“Alasiri, upepo ukitulia.”

“Kumbe ndiyo maana ulikuwa unakwenda peke yako.”

“Ndivyo.”

Bi Hadija akavuta pumzi. “Katiba inasema reki kwa sababu wakati ule hatukujua kuna njia nyingine. Jaruba ni lako. Jumatatu utakuja na hili kung'uto utuonyeshe sisi wote, maana mnunuzi akiiona glasi yangu atafunga mizani tena.” Kisha akainua kidole. “Lakini debe lako, Somoe, tutalishindilia. Tutalishindilia mpaka lilie. Na nitakuwa nimesimama hapo hapo natazama.”

“Simama,” akasema Bi Somoe. “Na mimi nitakuwa nalitazama lako.”

Wakacheka wote wawili, kicheko kifupi, cha watu ambao bado hawajaaminiana, nami nikamshukuru Mungu kwa hicho hicho. Kikao kikafungwa kwa fatiha.

Mwanahawa hakuhudhuria vipindi vyangu vya mwanzo wa wiki ile. Jumatano alikuja, akakaa mbele. Baada ya kipindi nilimweleza mbele ya wenzake kwamba maelezo yake ya isotopu yalikuwa bora kuliko yangu, na kilichokosekana ni hesabu ya mwisho tu: alijua tofauti ipo, hakuuliza ni kubwa kiasi gani. Akaitikia kwa kichwa, bila tabasamu.

Nikaandika ubaoni somo la siku iliyofuata ili waliandae. Akanyoosha mkono.

“Mwalimu, hayo uliyoandika umeyapima, au umeyasoma?”

Nikamwambia kweli, kwamba nimeyasoma.

Akainamia daftari lake, na pembeni ya kila mstari niliowaandikia akachora alama ya kuuliza.